Vipande Sita Juani

Miaka thelathini na moja Baudelio amesakafia nyumba za watu,
Hermosillo nzima, toka kilimani hadi maghala ya reli,
na sisi tumekaa juu ya saruji iliyochubuka
kama goti la mtoto.
Kinyozi hajinyoi, nilimwambia,
lakini hata kinyozi ana kioo.

Mwezi wa sita, joto limefika nyuzi arobaini na sita,
akaleta vipande sita ndani ya gunia,
akavipanga uani bega kwa bega.
Chagua, Eduviges. Safari hii chagua wewe.

Sikuchagua kwa macho. Macho hayakanyagi.
Niliviacha juani tangu asubuhi,
saa tisa nikavua ndala.

Cha plastiki kilikuwa kimekunja pembe zake
kama barua ya deni.
Nilikipita.

Msonobari, mtoto wa milima yenye ukungu,
ulikuwa umeshaanza kuachana, ubao na ubao,
mawifi waliogombana msibani.
Hewa ya hapa hainyweshi mtu;
mti uliozoea mvua hufa mara ya pili.

Zulia, hapana.
Zulia ni mgeni anayejaza mchanga mifukoni
na kuapa hajaiba.

Marumaru nyeupe ilikuwa nzuri.
Ilinirudishia jua lote usoni, sikuliomba.

Ubao wa meskiti, binamu wa mathenge,
mti uliozaliwa na kiu na ukazeeka nayo:
haukupinda, haukupasuka, haukutikisika.
Bei yake ndiyo iliyotutikisa sisi.

Kikabaki kigae cha udongo.
Kiliniunguza kama vingine, nisiseme uongo.
Nikakimwagia kikombe cha maji.
Kikanywa. Tss,
kama mtu anayekataa kulia.
Na ile harufu ikapanda: ua wa mama mkwe wangu, Refugio,
aliyenyunyizia sakafu yake ya udongo mtupu kila saa kumi,
akafagia, akajilaza chini bila mkeka,
na hakumwonea wivu mwenye kiyoyozi.
Nilingoja kidogo, nikaweka shavu.

Baudelio akasema udongo unataka mafuta,
unataka nta, unataka mtu wa kuukumbuka.
Akasema Januari utauma miguu.
Hakusema neno la magoti.
Aliyasugua tu, yale magoti mawili
yaliyolipa karo ya Yadira na meno yangu ya mbele.
Ndipo nikaelewa kwa nini mkono wake
ulikuwa umerudi mara tatu kwenye ubao.

Sikumbuki nani aliyekata shauri.
Udongo nyumba nzima,
na mbao mbili za meskiti, mbili tu,
upande wake wa kitanda,
pale anapotua alfajiri kabla mwili haujakubali.

Kwa Tiburcio, mchoma vigae, tulihesabu mia nne na kumi.
Kimoja alikitupa pembeni: Kibovu hiki,
mbwa alikikanyaga kikiwa kibichi.
Nikakiokota. Vidole vinne na kisigino,
vimekwenda tanurini vikarudi vizima.
Nikasema nakitaka.
Baudelio, ambaye hajawahi kuweka kigae kibovu
katika nyumba ya mtu yeyote,
alikitazama kama pengo kinywani mwa bibi harusi.
Akakiweka lakini. Mlango wa jikoni,
na akaniuliza, kwa uzito wa fundi,
vidole vielekee wapi.

Ndani, nikasema.

Sasa saa kumi namwaga maji, napiga deki.
Sebule inakauka kabla sijafika ukumbini.
Kile kishimo hukauka mwisho:
madimbwi manne, yasiyojaza kijiko,
na mbwa nisiyemjua jina
bado anaingia, akitoka juani.